Sabini na Tano kwa Filamu za Kihindi

Aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa kijana wa kanisani mwenye sauti nzuri, na alisoma bila kukwama: kwamba Ana alizaliwa Mgori, kwamba alifunga ndoa na kujaliwa watoto wanne, na kwamba katika uhai wake alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema, hata akasimamia mwenyewe banda la video la familia pale Singida Mjini kwa miaka mingi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, “Ni kweli jamani, alikuwa hatoki mle.” Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwenzangu akikosea ubaoni mkono huniwasha mpaka nilifute lile kosa. Siku ile sikuinuka kwenye kiti cha plastiki, leso yangu mdomoni. Dada yangu hakupenda sinema. Zilikuwa zikimuumiza kichwa. Kama alikuwa hatoki mle, ni kwa sababu mlango ulifungwa kwa nje, na kabla hajaingia yeye nilikuwamo mimi. Wanawe hawalijui hilo. Wameniomba niandike ninachokumbuka juu ya mama yao, nami nimeona nianze na mwaka ule mmoja, ingawa ndani yake mimi mwenyewe sipendezi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya chuo cha ualimu. Nafasi yangu ilikuwa imesogezwa mbele mwaka mzima, na barua ilisema wazi kwamba nisiporipoti Julai inayofuata atapewa mwingine. Dada Ana akanichukua nikae kwake mjini, nisaidie kidogo huku nikingoja, na mumewe, Shemeji Yona, akaahidi mbele ya wazee kwamba Julai ikifika ataniruhusu kwa mikono miwili. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalifungwa moja baada ya jingine na vitu vyake vikanadiwa: meza, feni, makabati ya chuma ambayo bado yalikuwa na majalada ndani. Shemeji alikuwa karani katika mojawapo. Alipunguzwa kazini, na wiki hiyohiyo akaenda kwenye mnada kununua kompyuta ambayo kwa miaka yote alikuwa akikatazwa kuigusa. Mtu mwingine angeifunika kitambaa sebuleni. Yeye akafungua banda la video karibu na soko. Mjini palikuwa na banda jingine moja, upande wa stendi, lenye televisheni na deki ya kanda, lakini Shemeji alisema deki ni mambo ya jana. Juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu: KOMPYUTA SINEMA, PICHA SAFI.

Banda lilikuwa la mabati, na sehemu ya mbele Shemeji aliigawa kwa plaiwudi ikawa chumba kidogo, upana wake kitanda kimoja. Monita, nzito kama gunia la alizeti, aliipachika kwenye tundu la plaiwudi ili uso wake uwatazame watazamaji na mgongo wake ubaki chumbani pamoja na kompyuta yenyewe. Hesabu yake ilikuwa kwamba mwizi haibi uso. Matokeo yake ni kwamba anayeendesha mashine alikaa nyuma ya picha. Ili niweze kuona ninachofanya, alitundika kioo cha kinyozi kwenye nguzo ya kwanza ya ukumbi, kikaelekea skrini, nami nikawa nachungulia kwenye upenyo wa upana wa kiganja kando ya monita. Mwaka mzima niliona kila kitu kimegeuka. Maneno niliyasoma kuanzia kulia, mashujaa wote walipiga ngumi kwa mkono wa kushoto, na nikiisukuma mausi kulia, mshale niliouona kiooni ulikwenda kushoto.

Saa nne asubuhi naingia. Shemeji anafunga kufuli kwa nje, ufunguo anauning'iniza mkandani, anakwenda kukaa kwenye mlango mkubwa. Natoka jua linapozama. “Siyo kwamba sikuamini, shemeji,” alinieleza siku ya kwanza, kwa upole kabisa. “Wewe ni mtu wangu. Ila hawa watu wa mjini, wakiona mlango una nafasi tu, mashine imekwenda.” Nikamuuliza nikitaka kutoka nifanyeje. “Gonga. Nitasikia.” Haikuchukua siku mbili nikajua kwamba filamu ikipamba moto hakuna anayesikia mtu akigonga plaiwudi, na wakisikia wanadhani ni sehemu ya mapigano. Nikaacha kunywa maji asubuhi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaja, bati lilipata moto mpaka nilihisi nywele zinanuka. Upepo wa Singida niliusikia ukipiga paa, ukipeperusha mchanga huko nje, lakini kwangu haukuingia. Dada Ana alinipitishia chakula kwenye upenyo kabla ya onyesho la saa nane: ugali wa uwele na mlenda, siku ya soko kipande cha kuku kilichokaangwa kwa mafuta ya alizeti, vyote kwenye sahani bapa ya bati kwa kuwa bakuli halikupita. “Kula, mdogo wangu,” alikuwa akisema, “usije ukanifia humo.” Nilikuwa nikimwona macho na pua tu. Naye, nadhani, aliona hivyo hivyo upande wangu.

Sasa, picha safi ilikuwa safi kweli, mradi mtu kwenye filamu amesimama. Akianza kukimbia, au gari likipita, au wachezaji wa kwenye filamu ya Kihindi wakizunguka na nguo zao, picha ilishtuka: inakwenda, inasita, inakwenda, inasita. Watazamaji waliipa jina siku ya pili tu. “Kwikwi!” walipiga kelele. “Mpeni maji huyo, ana kwikwi!” Wakacheka, na wiki iliyofuata wakahamia kule stendi, ambako televisheni ya zamani yenye rangi zilizochujuka ilionyesha watu wakikimbia kama watu. Hilo ndilo lililomuumiza Shemeji. Mashine ya ofisi ya mkurugenzi inashindwa na deki! Akamleta fundi kutoka Dodoma. Fundi alibadilisha waya, akapuliza vumbi, akafungua ukurasa mmoja wenye orodha ya namba na kutuonyesha kwamba alikuwa ameshatuwekea kubwa kuliko zote, themanini na tano. Namba hizo aliziita hezi, yaani mara ngapi skrini inajichora upya kwa sekunde moja. “Ikiwa ndogo, picha inapepesa, inaumiza macho,” alisema. “Kubwa ndiyo nzuri. Zaidi ya hapo mzee, ni mashine yenyewe.” Sisi sote tulimwamini. Nani kati yetu aliyewahi kusikia kwamba kikubwa kinaweza kuwa kibaya kuliko cha kati? Hata mbuzi unachagua mkubwa.

Baada ya fundi kuondoka Shemeji alikuja kwenye upenyo, akainama. Alionekana amechoka. “Shemeji, wewe umesoma,” akasema. “Tafuta. Picha ikitulia, banda likasimama, Julai wala hatuna mazungumzo. Ila likianguka hivi, nikuruhusu uende wapi, na nani abaki?” Niliyasikia maneno hayo kama mkataba. Tangu siku hiyo, asubuhi kabla ya watu kuja, sikufanya kitu kingine. Nilikuwa na daftari na penseli. Niligundua kwamba ukibonyeza mahali fulani programu ya kuonyeshea filamu inakwambia habari za diski iliyomo: urefu wake, na filamu ina picha ngapi kwa sekunde. Za Kihindi zilisema ishirini na tano. Nikaandika 25. Chini yake nikaandika zile namba za fundi: 60, 70, 75, 85. Nikazitazama siku nyingi bila kuona kitu. Nililia pia, sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa sauti wakati wa mapigano, kwa kuwa hakuna ambaye angesikia.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu ulipakana na ua wa Mama Hamisi, aliyekuwa akitwanga uwele wa kuuza unga sokoni. Kule kwetu wanawake watatu hutwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, kwa zamu, na mwenye kinu huchuchumaa pembeni: michi mitatu ikishapiga, anapenyeza mkono haraka, anageuza nafaka, anautoa, mitatu inapiga tena. Nilikuwa nikiwasikia kila asubuhi bila kuwasikiliza. Siku moja akaja mgeni, mkwe wa mtu kutoka Manyoni, akachukua mchi naye asaidie. Zamu nyingine aliwahi, ikawa mapigo manne. Zamu nyingine alichelewa, ikawa matatu. Nikasikia yowe la Mama Hamisi. “Mitatu! Mitatu, halafu mkono wangu! Ukiongeza mmoja, uongeze kila mara, nijue! Mara minne mara mitatu, unataka kunivunja vidole?” Wenzake walicheka mpaka wakaacha kutwanga. Mimi nilikuwa nimeshika penseli. Nikagawa themanini na tano kwa ishirini na tano, kwa njia ndefu, kama nilivyofundishwa darasa la nne. Tatu, na kinabaki kumi. Skrini haiwezi kujichora mara tatu na kipande. Kwa hiyo picha moja ya filamu inachorwa mara tatu, nyingine mara nne, nyingine tatu, na macho yanashtuka kama vidole vya Mama Hamisi. Nikagawa sitini: mbili, kinabaki kumi. Sabini: mbili, kinabaki ishirini. Sabini na tano: tatu. Hakibaki kitu. Niliandika sifuri ile kubwa mpaka penseli ikatoboa karatasi.

Kubadilisha kwenyewe kulinitoa jasho. Ukichagua namba mpya skrini inazimika kidogo, inawaka, na kisanduku kinauliza kama unaikubali. Usipojibu ndani ya sekunde kumi na tano, inarudi ya zamani. Sekunde kumi na tano, kwa mausi inayokwenda kinyume, kwenye kioo cha kinyozi! Mara tatu nilichelewa, mara ya nne nikabonyeza kukataa. Mara ya tano nilifumba macho, nikaiambia mikono yangu iende kinyume cha ninachotaka, nikafumbua, nikabonyeza. Kisha nikaweka diski ya Kihindi, pale ambapo msichana anakimbia kwenye shamba la maua akiwa na mtandio wa njano. Alikimbia kuanzia mwanzo wa shamba mpaka mwisho. Hakusita hata mara moja. Nilipiga plaiwudi kwa ngumi zote mbili nikiita, “Shemeji! Shemeji, njoo uone!” Na kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu, safari hii alisikia.

Siku kumi baadaye watu walikuwa wanakaa chini kwa kukosa mabenchi. Ndipo zikaja diski za kareti, ambazo kila mtu alizipenda, na kwikwi ikarudi. Nikatazama habari zake: picha thelathini kwa sekunde. Nikagawa. Sabini na tano haigawanyiki kwa thelathini, lakini sitini inagawanyika, mara mbili kamili. Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa plaiwudi, najivunia mwandiko wangu: *Kihindi 75. Kareti 60.* Sikuona nilichokuwa nimefanya. Kabla ya hapo mtu yeyote angeweza kuingiza diski, akabonyeza, akaenda zake. Sasa kila diski ilidai namba yake, na kati ya onyesho na onyesho lazima awepo mtu mle ndani anayejua, anayesoma kinyume, ambaye mkono wake umezoea. Kufuli ya kwanza aliiweka Shemeji. Ya pili niliitengeneza mwenyewe, kwa hesabu sahihi.

Mwezi wa tano, Jumapili moja mchana, niliwasikia Shemeji na Dada wakizungumza ukumbini huku Dada akifagia. Walidhani mvumo wa kompyuta unanizuia kusikia.

“Baba Daudi, Julai imebaki miezi miwili,” Dada alisema.

“Nimeiona. Chuo hakihami.”

“Nafasi inahama. Barua imesema.”

“Akienda, nani atabadilisha? Nimfungie mtu baki na mashine?”

“Umemfungia mdogo wangu.”

“Mimi simfungii yeye. Nafungia mashine. Ana, watoto wanakula kwa nini hapa? Tuseme ukweli. Niliahidi wakati sijajua kwamba kazi ni ya mtu mmoja tu.”

Ufagio ulianza tena, kisha ukasimama. Nilikaa na magoti kifuani, na kwa mara ya kwanza nilimchukia yule msichana wa mtandio wa njano, kwa jinsi alivyokuwa akikimbia vizuri.

Kesho yake sahani ilipokuja haikupita kwenye upenyo. Kufuli ilifunguliwa, Dada akaingia na sahani mkononi, akaketi sakafuni karibu yangu, akamwambia mumewe afunge. “Nifundishe,” akasema. Nikamwuliza nini. “Hayo manamba yako. Nimeishia la saba lakini kusoma sitini najua. Hawezi kuogopa kwamba mke wake atamwibia mashine.” Nilimwambia ni kazi ngumu, macho yanageuka, mkono unageuka. Nilisema hivyo kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga begi. “Mdogo wangu,” akasema, “mimi mkono wangu umegeuka tangu niolewe. Lete hiyo mausi.” Akacheka mwenyewe, nami nikacheka.

Wiki saba tulifungiwa wote wawili. Tuliokaa nyumba moja miezi yote ile tulizungumza mle kuliko popote: habari za Mgori, za mama, za mimba iliyomharibikia ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alichelewa zile sekunde kumi na tano mara nyingi kuliko mimi, akatukana kwa Kinyaturu matusi ambayo sikujua kama anayajua, na siku alipofaulu alinikumbatia mpaka tukaangusha diski. Kwa Kihindi, sabini na tano, alikuwa mzima. Tukiweka sitini kwa ajili ya kareti, alianza kufinya macho. “Inapepesa,” alisema. “Wewe huoni inapepesa?” Mimi sikuona kitu. Fundi wa Dodoma alikuwa amesema kweli: namba ikishuka, skrini huchezacheza, na kuna macho yanayoona na yasiyoona. Ya Dada yaliona. Jioni alikuwa akitoka amejifunga kitenge kichwani, amekaza, na hali chakula.

Hapa ndipo ninapotaka wanawe wasome polepole. Dawa yake niliijua. Ningeweza kumwambia, “Dada, acha sabini na tano siku zote. Kareti itakuwa na kwikwi kidogo, watazoea, na kichwa chako kitapona.” Yalikuwa maneno machache. Niliyaandaa asubuhi, nikayameza mchana, siku baada ya siku. Niliogopa kwamba kwikwi moja tu ikirudi, watu wakipiga kelele, Shemeji ataniandikia nirudi, na safari hii sitatoka. Kwa hiyo nilimwambia kinyume. Nilimwambia sitini ni lazima. Nilimwandikia upya pale ubaoni kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake.

Nilisafiri Julai, siku ya Jumamosi. Basi lilikuwa la mchana, na onyesho la kwanza lilikuwa la kareti. Dada aliingia chumbani na leso yake na chupa ya maji, na Shemeji, bila kufikiri, kwa mazoea tu, akafunga kufuli nyuma yake. Nilikuwa sijawahi kuiona ile kufuli kutoka nje ikiwa imefungwa na mtu yumo. Ilikuwa kufuli ndogo. Shemeji akanipa mkono, akasema, “Umenishinda, shemeji. Kasome,” na alisema kwa moyo mweupe. Nikaingia ukumbini na begi langu, nikasimama nyuma ya mabenchi. Katika mwaka mzima sikuwahi kuitazama picha kutoka mbele. Watu walipiga ngumi kwa mkono wa kulia. Maneno yalianzia kushoto. Mtu mmoja alikuwa akikimbia juu ya paa, mbio ndefu, na nilimfuata kwa macho nikitafuta kosa, mahali popote atakaposita. Hakusita. Nilijisikia nina furaha, furaha kubwa, na kama ningesema vinginevyo ningekuwa nawadanganya watoto wa dada yangu.

Nikapita pembeni ya mabenchi mpaka kwenye plaiwudi kumuaga. Macho yake yalikuwa kwenye upenyo, ameyafinya tayari, na kitenge ameshakifunga kichwani.

“Mwalimu,” akaniita, kwa mara ya kwanza. “Huko mbele inaonekanaje? Inakwenda?”

“Inakwenda vizuri, Dada,” nikamwambia. “Usibadilishe kitu.”